Pangaboi: Nani Anavuta Kamba?

Kiswahili kina majina matatu ya ile mashine inayozunguka darini. Nairobi tunasema feni. Mombasa bado utasikia wazee wakisema panka. Halafu kuna neno la tatu, ambalo utalikuta kwenye kamusi na kwa watu wa upande wa Tanzania: pangaboi. Kijana akilisikia mara ya kwanza hucheka. Anadhani limetokana na panga, kwa sababu mabawa ya feni yanafanana na panga na yanaweza kukukata vizuri tu. Maelezo matamu, lakini siyo.

Neno limevuka bahari kutoka India. Kwa Kihindi, pankha ni kipepeo cha kujipepea, na ni ndugu wa neno linalomaanisha bawa la ndege. Waingereza waliliandika punkah. Na boi ni yule boi tunayemjua sisi: jina ambalo mkoloni alimwita mtumishi wake mwanamume, hata kama mtumishi huyo alikuwa mzee mwenye wajukuu. Kwa hivyo tunapotaja mashine hii kwa jina lake la kamusi, kwa kweli tunamtaja mtu. Mashine ilichukua kazi yake, na jina lake likabaki limening'inia darini.

Nataka tumfuate huyo mtu. Historia yake inaishia kwenye swali la nyumbani kabisa: ile feni unayotaka kufungiwa chumbani kwako, itashikwa na nini?

Kamba ukutani

Kufikia mwisho wa karne ya 18, nyumba za Waingereza mjini Calcutta zilikuwa na panka kubwa za dari. Zilikuwa fremu ndefu ya mbao, imevishwa kitambaa, ikaning'inizwa juu ya meza ya chakula au kitanda. Kamba ilifungwa kwenye fremu, ikapitishwa kwenye tundu la ukuta, ikatokea barazani. Huko nje alikaa mvutaji. Akivuta, kitambaa kinakwenda. Akilegeza, kinarudi. Hivyo hivyo saa baada ya saa, mchana na usiku, miezi yote ya joto. Mikono ikichoka, wengine waliifunga kamba kwenye mguu na kuvuta wakiwa wamelala chali.

Ona huo mpangilio. Anayepata upepo yuko ndani. Anayeutengeneza yuko nje juani, na ukuta upo katikati ili wasionane. Kitu pekee kilichowaunganisha ni kamba, na kamba ikisimama ndipo bwana anapokumbuka kuwa kuna mtu. Mara nyingi alikumbuka kwa hasira. Wavutaji waliosinzia walipigwa mateke, na kumbukumbu za mahakama za enzi hiyo zinaonyesha kwamba watumishi wa Kihindi walikufa kwa vipigo kama hivyo. Utetezi uliorudiwa mara kwa mara ni kwamba marehemu alikuwa na wengu lililovimba kwa malaria, kwa hiyo hata pigo dogo lingemuua. Kesi iliyojulikana zaidi haikuwa ya mvuta panka bali ya mtunza farasi mjini Agra. Wakili Mwingereza aitwaye Fuller alimpiga, mtu akaanguka na kufa, na faini ilikuwa rupia 30. Mwaka wa 1876 hata Gavana Mkuu wa India, Lord Lytton, alilalamika hadharani kwamba adhabu hiyo ilikuwa ndogo mno.

India haikuwa peke yake. Natchez, Mississippi, kwenye majumba ya matajiri wa pamba, panka za mbao zilitundikwa juu ya meza za chakula na kuvutwa na watu waliokuwa watumwa, wakati mwingine watoto. Kazi yao ilikuwa kuwapa wageni upepo na kufukuza nzi kwenye sahani. E. M. Forster alipochapisha riwaya yake A Passage to India mwaka wa 1924, alimweka mvuta panka ndani ya chumba cha mahakama, akivuta kamba kesi ikiendelea. Wasomaji wa wakati huo hawakuhitaji kuelezwa ni nani.

Nyumba iliyojipepea

Kabla hatujafika kwenye stima, tusimame Pwani kidogo, maana huku kulikuwa na njia nyingine ya kupambana na joto.

Tembea Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa saa saba mchana. Vichochoro ni vyembamba, kwa hivyo jua halifiki chini kwa muda mrefu. Kuta za nyumba za zamani ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba joto la mchana huchukua saa nyingi kupenya. Ndani kuna kiwanda, ua ulio wazi juu, ambapo hewa moto hupanda na kutoka. Katika nyumba nyingi za Lamu jiko liliwekwa juu kabisa, ili moshi na joto visishuke kwa wenyeji. Na upepo wa bahari, kaskazi miezi fulani na kusi miezi mingine, ulifanya kazi iliyobaki.

Kitu kimoja kwenye nyumba hizo kitatufaa baadaye: boriti. Dari ilibebwa na miti ya mikoko iliyopangwa kutoka ukuta hadi ukuta. Mti wa mkoko una urefu wake na hauendi zaidi, ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo ni virefu lakini vyembamba, upana wa karibu mita 2.5 hadi 3. Aliyejenga alijua kila boriti inabeba nini. Kitu kizito kikitundikwa, kilitundikwa kwenye boriti.

Tusizipambe nyumba hizi kupita kiasi. Nyumba za mawe zilikuwa za wenye mali, na sehemu kubwa ya jasho lililozijenga na kuziendesha ni la watumwa. Hata huku, ubaridi wa mmoja ulikuwa kazi ya mwingine. Tofauti ni kwamba kazi ilifanywa mara moja, ikajengwa ukutani, na ukuta haukuhitaji kuamshwa usiku kwa teke.

Mota ya cherehani

Mashine iliyomwondoa mvuta kamba ilitoka kiwandani kwa cherehani. Philip Diehl alikuwa Mjerumani aliyehamia Marekani na kufanya kazi kwa kampuni ya Singer, mjini Elizabeth, New Jersey. Ndiyo, Singer ile ile ambayo jina lake bado linang'aa kwa rangi ya dhahabu kwenye vyerehani vya mafundi nguo barazani. Diehl alikuwa ametengeneza mota ndogo ya umeme ya kuendesha cherehani. Katika miaka ya 1880 akaichukua mota ya aina hiyo, akaipa mabawa, akaigeuza ielekee chini na kuitundika darini. Akapata hataza, na baadaye akaongeza taa chini yake.

Feni za dari zilikuwepo Marekani hata kabla yake, zikizungushwa kwa mikanda mirefu iliyovutwa na gurudumu la maji. Lakini hizo zilihitaji jengo kubwa, mgahawa au kiwanda. Mota ya Diehl ilihitaji waya mbili tu na kitu cha kuning'inia.

Hicho kitu cha kuning'inia ndicho ninachotaka ukishike. Panka ya kitambaa ilikuwa kubwa lakini ilikwenda polepole. Ikianguka, ingekuvunjia sahani. Feni ya umeme ni bonge la chuma la kilo 4 hadi 6 linalozunguka. Ukichukua feni ya kawaida ya inchi 48 kwa mizunguko 300 kwa dakika, ncha ya bawa inakwenda karibu kilomita 68 kwa saa. Hiyo ni kasi ya matatu iliyokwisha kutoka mjini, na iko juu ya kitanda chako. Mvutaji aliondoka, lakini hatari haikuondoka naye. Ilitoka barazani ikaingia ndani, ikapanda darini.

Jenereta ya Sultani

Stima ilifikaje kwetu? Kwa mujibu wa historia inayosimuliwa na Kenya Power yenyewe, jenereta ya kwanza ilikuwa ya Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888 na kuijenga Beit al-Ajaib. Ilimulika jumba lake. Mwaka wa 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliinunua na kuihamishia Mombasa, na hapo ndipo kampuni ya umeme ya mji huo ilipoanzia. Mwaka huo huo Nairobi nayo ilipata kampuni yake, chini ya mhandisi Clement Hirtzel. Mwaka wa 1922 kampuni hizo mbili ziliunganishwa kuwa East African Power and Lighting.

Kwa hivyo mashine iliyoanza kama starehe ya ikulu ikawa biashara ya mji. Lakini mji ulikuwa wa kikoloni, na waya zilifuata ramani ya rangi na mali. Zilianza kwa ofisi, hoteli, bandari na nyumba za wakubwa. Neno panka halikungoja waya hizo. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa Pwani tangu zamani, na ujenzi wa reli kutoka Mombasa, ulioanza 1896, ulileta vibarua wapatao 32,000 kutoka India. Wengi wao walijua panka ni nini kwa sababu walijua nani huivuta.

Waafrika wengi wa mjini walipata feni kizazi kimoja au viwili baadaye, wakazipata kwenye nyumba ambazo hazikujengwa kwa feni wala kwa upepo. Mabati juu, mawe membamba ya simiti pembeni, dirisha moja. Au ghorofa za kupangisha ambazo dirisha la chumba chako linatazama ukuta wa ploti ya jirani, umbali wa mkono. Tuliziacha kuta nene na ua wa ndani, na badala yake tukapewa swichi. Na leo hata swichi ni ya kupigiwa hesabu. Feni ya wati 75 ikifanya kazi saa 8 kila usiku inakula yuniti 18 kwa mwezi. Zile mpya zenye mota ya sumaku, wati 30 hivi, zinakula yuniti 7 na kidogo. Bei yake dukani ni kubwa zaidi, lakini tokeni hazidanganyi.

Na tuseme ukweli kuhusu kazi yake: feni haipozi chumba. Inakupoza wewe, kwa kukausha jasho ngozini. Ukitoka chumbani, izime. Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba hewa ikizidi nyuzi 40 feni inaweza kuuongezea mwili joto. Mombasa ya Februari, yenye nyuzi 32 au 33 na unyevu mwingi, bado iko ndani ya eneo ambalo feni inasaidia sana.

Imeshikwa na nini?

Sasa turudi kwenye boriti. Fundi wa zamani alijua mzigo unakwenda wapi. Sisi tunaishi chini ya silingi za jipsamu na plaiwudi ambazo ni nguo tu: zinaficha mbao au zege, hazibebi kitu. Balbu inaweza kushikwa na nguo. Feni haiwezi. Marekani wameliandika hili kwenye kanuni zao: kisanduku cha darini cha kutundikia taa hakiruhusiwi kutundikiwa feni, isipokuwa kimetengenezwa na kuandikwa kwa kazi hiyo. Feni inavuta chini, halafu inatikisa, usiku mzima, mwaka mzima. Skrubu iliyobeba taa miaka kumi inaweza kulegea kwa feni ndani ya mwezi.

Kwa sheria ya Kenya, kazi ya kuunganisha stima ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, na sikushauri ujaribu mwenyewe kwa kutazama video. Lakini wewe ndiye utakayelala chini ya hiyo feni, kwa hivyo ni haki yako kusimama pale na kuuliza. Uliza haya.

Kulabu imeingia wapi? Kama dari ni slabu ya zege, kulabu nzuri ni ile iliyofungwa kwenye nondo kabla zege halijamwagwa. Kama haipo, fundi atatoboa zege zima, lisilo na ufa, na kutumia bolti za chuma zinazopanuka ndani ya tundu. Kama ni paa la mabati, silingi ifunguliwe na ubao imara ufungwe kati ya mbao mbili za paa, kisha kulabu iingie kwenye huo ubao. Kama ni boriti ya nyumba ya zamani, ikaguliwe kwanza kama imeliwa na wadudu. Na Pwani, popote ulipo, tazama kutu. Chumvi ya bahari hula chuma polepole na hairudi nyuma.

Urefu unatosha? Mabawa yawe angalau mita 2.3 kutoka sakafuni na karibu nusu mita kutoka ukuta wowote. Kama chumba kina kitanda cha ghorofa, pima kutoka pale mtoto anapokaa juu, si kutoka sakafuni. Kama dari ni fupi, achana na feni ya dari. Nunua ya kusimama.

Stima imezimwa wapi? Isizimwe kwenye swichi ya ukutani. Kuna nyumba ambazo swichi iliunganishwa kimakosa upande wa nyutro, na hapo feni itasimama huku waya wa moto ukiwa bado hai. Izimwe kwenye swichi kuu, mtu mwingine asiiguse, na fundi apime kwa testa kabla mkono haujagusa waya. Nyumba za zamani zina nyekundu ya moto na nyeusi ya nyutro. Mpya zina kahawia na buluu. Kijani, au kijani yenye mstari wa manjano, ni ya ardhini, na hiyo isikatwe wala kuachwa ikining'inia. Ndiyo inayokuokoa mwili wa feni ukishika umeme.

Pini zipo? Juu na chini ya bomba la feni kuna bolti, na kila bolti ina pini ndogo ambayo miguu yake miwili hukunjwa nje ili nati isitoke. Hiyo pini ni ya bei ya peremende, na ndiyo inayosahaulika mara nyingi. Kama feni imekuja na waya wa usalama wa chuma, ufungwe sehemu tofauti na kulabu. Waya za stima zisibebe uzito hata kidogo.

Mabawa ni ya feni hii? Huuzwa yakiwa yamelinganishwa uzito. Ukichanganya na ya feni nyingine, au moja likipinda, feni itayumba, na feni inayoyumba inafungua nati zake yenyewe. Pima kutoka darini hadi ncha ya kila bawa. Vipimo visipolingana, rekebisha kabla ya kuwasha. Mara ya kwanza iwashwe kwa kasi ya chini, na pasiwe na mtu chini yake. Kipunguza mwanga cha taa kisitumike kupunguza kasi. Feni ina regyuleta yake. Na baadaye ikianza kunguruma bila kuzunguka, mara nyingi ni kapasita imechoka. Usiisukume kwa ufagio. Izime, umwite fundi.

Swali la mwisho si la feni. Fundi amesimama juu ya nini? Nimeona mafundi wamepanda kiti cha plastiki kilichowekwa juu ya kitanda, mikono yote juu, kilo 5 za chuma kichwani. Ngazi imara na mtu wa pili wa kuishika ni sehemu ya gharama. Usimwambie apunguze bei kwa kuja peke yake. Mvuta panka alikuwa barazani, nyuma ya ukuta, ili bwana asimfikirie. Fundi yuko mbele yako, kwa dakika arobaini tu, na upepo wa miaka kumi ijayo unategemea hizo dakika.

Ukienda kutazama nyumba ya kupanga, sote tunajua kuangalia presha ya maji na kama mtandao unashika. Inua pia macho. Kama kuna feni, muombe keateka aiwashe hadi kasi ya mwisho, usimame pembeni, uangalie kama inayumba. Kama hakuna feni ila kuna kulabu, muulize landilodi imeshikwa na nini. Akijibu zege au ubao, endelea na mazungumzo ya depositi. Akisema silingi, iandikwe kwenye mkataba kwamba itarekebishwa kabla hujahamia, na hadi siku hiyo lala na dirisha wazi.